Siku Kumi na Nne za Neva ya Jicho

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wa tiba, wauguzi na watafiti. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu zangu, walimu wangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma kabisa, nawasalimu. Niruhusuni nianze na tochi.

Kijana ameanguka kutoka kwenye baiskeli. Amejigonga juu ya nyusi, ngozi imepasuka, ameshonwa nyuzi nne. Jicho lenyewe jeupe, halina damu, konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inang'aa. Ukichungulia ndani, retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, ni safi. Naye anasema: "Daktari, jicho hili halioni kitu." Je, anadanganya?

Chukua tochi yenye mwanga mkali. Punguza mwanga wa chumba. Mwambie atazame mbali, ukutani, kwa sababu akitazama tochi mboni zitasinyaa kwa sababu nyingine na utapotea. Mulika jicho zima, lile lisiloumia, kutokea chini kidogo, hesabu hadi tatu. Mboni zote mbili zinasinyaa. Sasa hamisha mwanga haraka kwenda jicho lililoumia. Neva ya jicho, ile inayopeleka habari za kuona kwenye ubongo, ikiwa nzima, mboni inabaki ndogo. Neva ikiwa imeumia, mboni inatanuka huku tochi inaiwakia, kana kwamba umezima taa. Rudi jicho zima: inasinyaa. Rudi jicho bovu: inatanuka. Fanya hivyo mara tatu, mara nne, mpaka uwe na hakika.

Mtu anaweza kusema uongo, mboni haiwezi. Lakini mjue inapokwama. Macho yote mawili yakiumia sawasawa, kipimo hiki hakitaonyesha tofauti. Na kama mboni ya jicho bovu imepooza, au mtu ameshatiwa dawa ya matone ya kuipanua, tazama mboni ya jicho zima peke yake, maana zote mbili hupokea amri moja.

Kwa nini retina inaonekana safi wakati mtu haoni? Kwa sababu kidonda kiko nyuma. Neva ya jicho ina urefu wa milimita 50 hivi kutoka kwenye jicho hadi inapokutana na mwenzake chini ya ubongo. Sehemu iliyo ndani ya tundu la jicho imelegea, imejikunja kidogo, ndiyo maana jicho linazunguka bila kuivuta. Halafu neva inaingia kwenye kifereji chembamba cha mfupa, na humo ala yake imegandana na mfupa. Pigo la juu ya nyusi husafiri kwenye mfupa wa paji la uso na kuishia pale pale, mahali ambapo neva haina nafasi ya kusogea wala ya kuvimba. Sehemu ya mbele ya neva, ile unayoiona ukichungulia jicho, haijui chochote bado. Itapauka baada ya wiki 3 hadi 6. Anayesubiri weupe huo ndipo aamini, amechelewa.

Shikeni hilo la kuchelewa, maana ndilo nililokuja kulisema. Retina ina seli za kupokea mwanga zinazokaribia milioni 100. Habari zao zote hupita kwenye seli ganglioni, ambazo aksoni zake, yaani nyuzi zake ndefu, ndizo neva yenyewe, kama milioni 1 hadi 1.2 kwa kila jicho. Aksoni ikipondwa nyuma, seli iliyo mbele, ndani ya retina, haifi siku hiyo. Nasema tena: haifi siku hiyo. Inakufa baada ya siku kadhaa, na kazi yetu yote maabara iko ndani ya siku hizo.

Tunajuaje? Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu nitawapeleka mezani kabisa, na wanaotaka kuingia kazi hii waandike.

Jaribio linalotumika zaidi ni kuminya neva ya panya mdogo wa maabara. Panya analazwa kwa nusukaputi, anatiwa dawa ya maumivu, konea inapakwa mafuta isikauke. Chini ya darubini ya upasuaji unakata utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, unasogeza misuli pembeni bila kuikata, unaiona neva: uzi mweupe. Unaiminya kwa fosepsi, yaani kibano, yenye ncha nyembamba, milimita 1 hadi 2 nyuma ya jicho, kwa sekunde 5 au 10. Maabara moja hutumia 5, nyingine 10. Muhimu ni kuwa panya wako wote wapate muda uleule, na kutoka mkono uleule. Kisha unachungulia jicho kabla hujamwamsha.

Kwa nini uchungulie? Kwa sababu mshipa wa damu unaolisha retina uko pembeni kabisa ya neva. Ukiubana, retina inapauka, na seli zitakufa kwa kukosa damu. Utaandika kwamba umepima jeraha la neva, kumbe umepima kiharusi cha jicho. Panya huyo aondolewe kwenye hesabu siku ileile, kabla hujajua kama alipewa dawa inayojaribiwa au maji ya chumvi. Ukisubiri uone matokeo kwanza, moyo utakushawishi umwondoe yule anayekuharibia jibu.

Ukimwacha panya bila dawa yoyote, siku mbili za kwanza idadi ya seli karibu haisogei. Kuanzia siku ya tatu hadi ya tano zinaanza kupukutika. Ikifika siku ya 14 imebaki kama robo, au pungufu. Na kadiri jeraha lilivyo karibu na jicho, ndivyo seli zinavyokufa upesi zaidi. Sasa mnaelewa kwa nini makala nyingi za fani hii zimejaa maneno "siku ya 14".

Kuhesabu nako kuna mitego yake. Retina inatolewa, inakatwa mikato minne ilale kama ua lenye petali, inapakwa rangi. Mwanafunzi anapaka rangi ya viini, anahesabu viini vyote vya tabaka la seli ganglioni, anafurahi kwamba nusu ya seli zimepona. Hazijapona! Kwa panya, takriban nusu ya seli za tabaka hilo si ganglioni hata kidogo. Ni seli amakrini, ambazo hazina aksoni kwenye neva na hazikuguswa na jeraha. Ndiyo maana tunatumia alama ya protini inayopatikana ndani ya ganglioni, kama RBPMS. Alama nyingine maarufu, Brn3a, ina udhaifu wake: seli iliyojeruhiwa huweza kuacha kuitengeneza ikiwa bado hai, nawe ukaihesabu miongoni mwa wafu. Na anayehesabu asijue retina ni ya panya yupi. Nimesema asijue. Akiwa na fununu tu, haifai.

Sasa kuna kosa moja mezani ambalo lilizaa elimu. Jicho la panya lina nafasi ndogo mno: lenzi imejaza karibu lote, na ute uliobaki ni kama mikrolita 5. Ukitaka kuingiza dawa, unapeleka mikrolita 2 tu, sindano ikiwa imeinama ili ipite nyuma ya lenzi, na unaiacha ndani dakika nzima kabla ya kuitoa, la sivyo dawa inarudi njiani. Ukigusa lenzi, inapata ukungu mweupe, na unaweza kudhani umeharibu panya mmoja tu.

Mwaka 1996 kundi la Martin Berry, Uingereza, lilipandikiza vipande vya neva ya mguuni ndani ya jicho la panya, na aksoni za neva ya jicho zikaanza kuota tena kupita kidonda. Watu walidhani siri iko kwenye kile kipande. Mwaka 2000 makundi mawili, moja Ujerumani na moja Boston, Marekani, yakaonyesha kwamba kuijeruhi lenzi peke yake kunatosha kuamsha uotaji. Lenzi ikijeruhiwa, askari wa kinga humiminika jichoni, nao huleta vichocheo vya ukuaji. Mwaka 2006 kimoja kikatajwa kwa jina, onkomodulini. Mnaona jambo hili lina pande mbili? Uvimbe wa ndani ya jicho, ambao tumefundishwa kuuogopa, ndio ulioamsha seli. Na upande wa pili: kila dawa iliyowahi kusifiwa kwa kuotesha aksoni lazima iulizwe kama ni dawa iliyofanya kazi, au ni sindano iliyogusa lenzi. Kwa hiyo panya wa kulinganishia naye achomwe sindano ileile, kwa kina kilekile. Na kila lenzi ikaguliwe mwishoni.

Twende kwenye swali la pili. Seli ikinusurika, je, itaota tena?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hapana. Ukikata neva ya kidole, inaota polepole na hisia zinarudi. Ukikata neva ya jicho la mamalia, haioti. Kwa nini? Mwanzoni mwa karne iliyopita kule Madrid, Francisco Tello, mwanafunzi wa Santiago Ramón y Cajal, alishona kipande cha neva ya mguu kwenye neva ya jicho ya sungura iliyokatwa, akaona nyuzi zikiingia humo. Jambo hilo likalala kwa miongo mingi. Miaka ya 1980 Albert Aguayo na wenzake kule Montreal, Kanada, wakalirudia kwa vipimo vya kisasa. Kwa panya wazima walitoa neva ya jicho, wakaweka mahali pake kipande kirefu cha neva ya mguu kama daraja kutoka jicho hadi ubongo. Aksoni zikaota sentimita nzima nzima. Zikafika. Zikaunganika na seli za ubongo, na mwanga ukimulikwa jichoni, ubongo ukaitika.

Tafakarini maana yake. Seli ya jicho la mtu mzima haijasahau kabisa kukua. Imekaa kwenye mtaa unaoizuia. Neva ya jicho ni kipande cha ubongo kilichorefushwa, na mafuta yanayofunika nyuzi zake yana protini zinazosema "simama", mojawapo ikiitwa Nogo. Kovu la kidonda nalo linaongeza kizuizi chake.

Lakini mtaa si hadithi yote. Mwaka 2008 kundi la Zhigang He, Boston, liliingia ndani ya seli yenyewe likaondoa jeni ya PTEN, ambayo ni breki ya ukuaji. Bila breki hiyo, seli nyingi zaidi zilinusurika kuminywa, na baadhi zikapeleka aksoni mbali kupita kidonda. Ilikuwa hatua kubwa, nami naiheshimu sana. Ila someni kwa makini: jeni iliondolewa kwa sindano ya virusi kabla ya jeraha. Nani kati yenu hudungwa sindano wiki mbili kabla ya kuanguka? Isitoshe, PTEN ni mojawapo ya breki zinazotukinga na saratani. Huwezi kuing'oa kwa mtu ukaenda zako nyumbani.

Kwenye jaribio la kuota napo pana mtego, na huu umeaibisha wengi. Ukiminya kwa mkono mwepesi, aksoni chache zinanusurika bila kukatika. Wiki mbili baadaye unaingiza rangi ya kufuatilia jichoni, unasubiri siku mbili au tatu, unaitazama neva, unaona nyuzi zinazong'aa ng'ambo ya kidonda. Unashangilia. Zitazameni vizuri kwanza! Aksoni iliyoota upya hupinda, huyumba, hugawanyika, wakati mwingine hugeuka ikarudi ilikotoka. Na ukihesabu kila nusu milimita kutoka kwenye kidonda, idadi inapungua kadiri unavyokwenda mbali. Aksoni iliyosalia imenyooka kama uzi uliovutwa, na idadi yake haipungui mpaka kwenye ubongo. Ukiona nyuzi zilizonyooka hivyo, hakuna kilichoota. Ni fosepsi haikubana.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote: zikiota, zitafika nyumbani kwa nani?

Miaka ya 1940 Roger Sperry, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, alifanya kazi na vyura na jamaa zao, viumbe ambao neva zao za macho huota zenyewe. Alikata neva, akaligeuza jicho juu chini ndani ya tundu lake, akasubiri. Neva ikaota, chura akaona tena. Ukamwonyesha mdudu juu ya kichwa chake, akarusha ulimi chini. Mdudu akiwa mbele, anageukia nyuma. Na hakujifunza kamwe. Kila aksoni ilikuwa imerudi kwenye anwani yake ya zamani kwenye ubongo, ingawa jicho lilikuwa limegeuzwa.

Kwa chura anwani zinasomeka. Kwa mamalia mzima, aksoni tulizoziamsha kwa nguvu nyingi zinapotea njiani: nyingine zinafika kwenye makutano chini ya ubongo na kugeukia neva ya jicho la pili. Mei 2023 madaktari wa New York walipandikiza jicho zima pamoja na sehemu ya uso kwa mgonjwa mmoja. Damu ikatembea kwenye retina. Jicho likakaa hai. Kuona hakukurudi. Mishipa ya damu tunaijua kuishona. Aksoni milioni moja, kila moja na anwani yake, bado.

Ndugu zangu wa wodini, najua mnachotaka kuniuliza. Basi tumpe nini yule kijana wa baiskeli?

Kwa miaka mingi alipewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kwa dozi kubwa. Mwaka 1990 utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo ulionyesha faida fulani, na madaktari wa macho wakaazima. Nia ilikuwa njema. Nani anataka kukaa mikono mitupu mbele ya mtu anayepofuka? Mwaka 1999 ukatoka utafiti wa kimataifa wa majeraha ya neva ya jicho. Waliopewa steroidi walikuwa 85, na 52% wakapata nafuu ya kuonekana. Waliopasuliwa kupunguza mbano kwenye kifereji walikuwa 33, na 32% wakapata nafuu. Ambao hawakutibiwa? 57%. Hao wa mwisho walikuwa 9 tu, kwa hiyo msiseme kutotibu ndiyo dawa. Semeni tu kwamba faida haikuonekana, na kwamba wengine hupata nafuu wenyewe. Kisha 2004 utafiti wa CRASH, wenye watu 10,008 walioumia kichwa, ulisimamishwa kabla ya muda: ndani ya wiki mbili walikufa 21.1% ya waliopewa steroidi, dhidi ya 17.9% ya waliopewa dawa bandia. Na wengi wanaojeruhiwa neva ya jicho wamejigonga kichwa! Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo asichomwe steroidi nyingi kwa mazoea. Apigwe picha ya CT kutafuta mfupa uliochoma neva au damu iliyojikusanya nyuma ya jicho. Damu hiyo ikiwa inabana, jicho likawa gumu na kutokeza, inafunguliwa palepale, kwa kukata kano ya kona ya nje ya kope. Hilo halisubiri CT.

Retina ni habari nyingine, na nitaisema kwa ufupi kwa sababu huko tuna silaha. Mpaka miaka ya 1920 retina ikibanduka, jicho karibu kila mara lilipotea. Jules Gonin, wa Lausanne, Uswisi, alisisitiza kwamba chanzo ni tundu: utando umechanika, maji yakapita nyuma yake, yakaubandua. Alitafuta tundu hilo, akalipimia mahali pake juu ya jicho, akaliziba kwa chuma cha moto. Wengi walimpinga. Kufikia mkutano wa Amsterdam wa 1929 walimkubali. Baadaye Gerd Meyer-Schwickerath, Ujerumani, alimwona mtu aliyeungua retina kwa kutazama kupatwa kwa jua Julai 1945, akajiuliza: kama jua laweza kuunguza kovu mahali pasipotakiwa, kwa nini tusiliunguze panapotakiwa? Ndiyo mizizi ya tiba ya leza mnayoijua leo.

Seli za kupokea mwanga hupata hewa na chakula kutoka kwenye tabaka la damu lililo chini yake. Zikibanduka, zinaanza kufa njaa. Mtu aliyepigwa jicho akiwaambia anaona vimulimuli vya mwanga, vijidudu vyeusi vingi vya ghafla, au kivuli kama pazia linaloshuka upande mmoja, huyo anatakiwa kwa mtaalamu wa retina leo. Kama katikati ya retina bado imeshika, kuwahi upasuaji hata kwa siku moja kunaweza kumwachia uwezo wa kusoma. Ikishabanduka katikati, kinachorudi ni kidogo.

Na jicho lililotobolewa: usilikamue, usilioshe, usivute kilichochoma. Usiweke pamba wala bandeji inayogusa jicho. Tafuta kitu kigumu chenye umbo la kikombe, hata kitako cha kikombe cha karatasi, kiegemee kwenye mifupa ya pembeni na kisiguse jicho, ukibandike kwa plasta. Asile wala asinywe, maana anakwenda kulazwa kwa nusukaputi. Muulize kuhusu sindano ya pepopunda. Lakini kama kilichoingia ni dawa kali, chokaa au tindikali, hapo osha, na osha mara moja kwa maji safi, nusu saa bila kusimama, kope ukizigeuza, kabla ya kuandika jina lake kwenye faili.